Fangasi kwenye lenzi na harufu ya uvundo kwenye kamera za zamani: tuzungumze kwa vipimo (Mtwara na Lindi)

Kioo_Safi

Wakuu, salaam.

Mvua zetu zinaanza kati ya Novemba na Desemba na kuondoka Aprili hivi. Kila zinapoisha, kabati zinafunguliwa na kamera za baba na babu zinatoka zikinuka. Yashica Mat, Zenit, Pentax K1000, Olympus Trip, zile zile. Watu wengi hukimbilia kusugua kioo. Mimi nasema kioo ndicho cha mwisho. Unyevu umelala kwenye mkoba wa ngozi, kwenye kitambaa, kwenye sponji za mlango wa filamu na kwenye gundi chini ya ngozi ya bodi. Ukisafisha lenzi ukairudisha kwenye mkoba ule ule, fangasi watarudi kabla ya msimu wa korosho.

Kwanza tambua ulichonacho. Toa lenzi kwenye bodi, fungua apacha (tundu la kupitishia mwanga) mpaka mwisho, ingia chumba chenye giza, washa tochi ndogo kali, mulika kwa nyuma huku ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Utakachoona ni mojawapo ya haya:

Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni kwenda katikati: huyo ni fangasi.

Ukungu uliotanda sawasawa kama mvuke wa pumzi, hauna nyuzi: ni mafuta ya grisi yaliyopanda na kuganda kwenye kioo. Huondoka kirahisi.

Rangi za upinde wa mvua au mapovu mapana ukingoni: gundi kati ya vioo viwili imeachia. Hapo hakuna cha kusafisha, uchafu wako hauko juu ya kioo.

Manjano ya chai kwenye kioo kizima, bila nyuzi: baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama Takumar 50mm f/1.4, zina kioo chenye thoriamu ambacho hugeuka manjano chenyewe. Usimsingizie fangasi.

Fangasi hali kioo. Anakula vumbi, alama za vidole, grisi na nyuzi za kitambaa, na akila anatoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayochimba koting, ile rangi ya zambarau au bluu unayoiona, na baadaye kioo chenyewe. Kwa hiyo fangasi wa miezi miwili anafutika na kioo kinabaki kizima. Wa miaka kumi utamfuta, lakini mchoro wake utabaki.

Halafu kuna chumvi. Sisi wa pwani hewa inaleta chumvi kila siku. Unyevu wa hewa ukipita 75%, chumvi ya kawaida huvuta maji mpaka ikawa tone. Kamera iliyopigia picha ufukweni ikafungiwa bila kufutwa inajitengenezea maji yake yenyewe. Futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyosafishwa (yale yasiyo na madini), kisha kikavu, kabla ya kuifungia popote.

Mpangilio wangu: kausha, tenga, safisha ngozi na sponji, halafu ndiyo uguse kioo.

Mwana_Mikindani

Mkuu, umenena. Swali: nimekusanya vile vipakiti vya silika (punje za kuvuta unyevu) vya kwenye maboksi ya viatu, kama ishirini, nimevitupa kwenye kontena ya lita 20 pamoja na Zenit E na lenzi tatu. Mchele nao niliambiwa unavuta maji, nimeweka nusu kilo. Harufu haipungui. Kosa liko wapi?

Kioo_Safi

Makosa ni mawili, ndugu.

Mchele utoe leo. Unavuta maji kidogo sana, unaacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha fangasi na wadudu.

Vile vipakiti vya viatu vimeshashiba zamani. Vimekaa dukani na hewa yetu miezi mingi. Kipimo cha kweli ni mizani ndogo, kama ya sonara. Pima silika, ikaushe kwa joto la nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu, ipime tena. Uzito wa pili ndio uzito wake mkavu, uandike juu ya mfuko kwa kalamu. Ikiongezeka kwa 15% hadi 20%, imechoka, irudishe motoni.

Kuhusu kiasi, angalia hesabu hii. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa unyevu kabisa inabeba gramu 30 hivi za maji kwa mita ya ujazo. Kontena yako ya lita 20, unyevu ukiwa 80%, hewa yake yote ina nusu gramu tu ya maji. Nusu gramu inaondolewa na kipakiti kimoja kikavu. Lakini mkoba wa ngozi wa gramu 300 uliokaa kwenye hewa hiyo unaweza kuachia gramu 15 za maji au zaidi unapokauka. Ndiyo maana silika inachoka siku ya tatu na wewe unadhani kontena inavuja. Weka gramu 200 kavu kwa lita 20, toa mkoba, badilisha silika baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, halafu utaona inakaa miezi.

Na mfuniko uwe na mpira. Ndoo ya mfuniko wa kubana tu inapumua.

FundiSaa_Masasi

Naongezea kwenye kukausha silika, maana wengi hatuna oveni. Sufuria yenye mchanga mkavu sentimita mbili, juu yake sinia ya bati, silika itandazwe unene wa punje mbili, moto wa mkaa mdogo, ukoroge kila dakika kumi. Ile ya bluu ikishiba inakuwa waridi, ikikauka inarudi bluu. Ikianza kugeuka kahawia umeiunguza, itupe. Bluu ile inatokana na chumvi ya kobalti, ni sumu. Sinia hiyo isirudi jikoni kwenye chakula, na watoto wasichezee punje. Ile ya rangi ya chungwa haina kobalti, ukiipata chukua hiyo.

Chokaa isitumike. Inavuta maji vizuri, ila vumbi lake linaunguza na linaingia kwenye meno ya kuzungushia fokasi (ya kuifanya picha iwe kali). Zile bidhaa za kuning'iniza kabatini zinazojaa maji chini pia zikae mbali, maji yale ni chumvichumvi na yakimwagika yanaozesha chuma usiku mmoja.

binti_Ndanda

Naombeni ufafanuzi kwenye kioo sasa. Ni Yashica Mat 124G, ile ya lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia picha. Lenzi ya juu safi, ya chini ina nyuzi upande wa ndani. Nina spiriti ya duka la dawa, haidrojeni peroksaidi na pamba za masikio. Naanzia wapi?

FundiSaa_Masasi

Dada, spiriti hiyo iweke pembeni kwanza. Spiriti nyingi za vidonda zimetiwa mafuta na vitu vingine ili zisikaushe ngozi, zinaacha utando kwenye kioo. Nenda kwa mafundi simu, waulize alkoholi ya isopropili ya 99%, wanaitumia kusafishia bodi za simu. Peroksaidi soma kibandiko: ya dukani huwa 3% au 6%. Ya 6% changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Maji hayo ni yale ya betri ya gari yanayouzwa vituo vya mafuta, ila angalia sana chupa isiwe ya asidi ya betri. Chupa hufanana. Kama kibandiko kimefutika, acha.

Sasa Yashica Mat. Bahati yako, kamera hii fokasi inasogeza ubao mzima wa mbele, kwa hiyo kutoa kioo cha mbele hakuharibu fokasi mradi ukirudishe na kukikaza mpaka mwisho. (Mwenye Lubitel, kamera nyingine ya lenzi mbili, asifuate hatua hii. Ile vioo vyake vya mbele vina meno yanayozungushana, ukikitoa bila kuweka alama, cha juu na cha chini havitaona kitu kimoja tena.)

Kwa Yashica, chukua kipande cha mpira, mfano kizibo kipana au mpira wa ndani wa baiskeli uliozungushwa kwenye kopo la kipenyo sawa, bana kioo cha mbele cha lenzi ya chini, zungusha kinyume cha saa. Kinatoka kizima na fremu yake. Nyuma yake utaona bleidi za shata (pazia linalofungua na kufunga mwanga).

Usiguse bleidi. Weka kasi kwenye B (shata hukaa wazi muda wote unaobonyeza), apacha f/3.5, vuta shata, funga waya wa kufyatulia wenye skrubu ya kushikilia. Shata ikibaki wazi utaona kioo cha nyuma kupitia tundu. Uso wake wa mbele unasafishwa hapo hapo kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti chembamba. Uso wake wa nyuma unaufikia kwa kufungua mlango wa filamu. Kioo hicho cha nyuma ni viwili vilivyogandishwa kwa gundi, kwa hiyo usikiloweke kwenye kitu chochote, hasa asetoni.

Kusafisha: pulizia vumbi kwa pampu ya mpira, usipulize kwa mdomo, mate yana chakula cha fangasi. Alkoholi kidogo kwenye karatasi ya lenzi, futa kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko, mara moja, tupa karatasi. Kisha pamba yenye peroksaidi, iwe mbichi lakini isidondoke, pakaa, subiri dakika tano huku kioo kikiangalia chini ili maji yasitambae ukingoni. Rangi nyeusi ya ukingo wa kioo ikilowa hutoka vipande na kuacha madoa meupe yanayoleta mng'ao kwenye picha. Futa kwa maji yaliyosafishwa, malizia na alkoholi.

Halafu pumulia kioo pumzi ya joto. Mvuke ukitua ukachora ramani ya nyuzi zile zile, na ukiondoka hakuna kitu, hapo koting imechimbwa. Acha. Kuendelea kusugua kunaongeza mikwaruzo tu.

Kioo_Safi

Kwenye peroksaidi niongeze: wengine huchanganya na amonia kwa viwango sawa, na ule mchanganyiko kweli una nguvu zaidi kwa fangasi waliokomaa. Changanya vijiko viwili tu, tumia, mwaga. Usiufungie kwenye chupa, unatoa gesi na chupa inaweza kupasuka. Na amonia isikutane na Jik wala bleach yoyote kwenye beseni moja. Gesi inayotoka hapo inaumiza mapafu. Jik na siki vilevile.

Kioo cha kuonea cha juu, kile kipande bapa cha plastiki chenye mistari, usiguswe na alkoholi wala amonia. Maji na tone la sabuni ya vyombo, basi. Kioo kilichoinama ndani yake kina koting ya kuakisi juu kabisa, sio nyuma kama kioo cha nyumbani. Ukikisugua kavu inatoka. Pamba iliyoloweshwa maji yaliyosafishwa, ikiburutwa kwa uzito wake wenyewe, usikandamize.

Pwani_ya_Lindi

Mimi naona mnazunguka sana. Wazee walikuwa wanaanika lenzi juani saa moja, fangasi wanakufa. Kusi likivuma Juni hadi Agosti hewa ni kavu, kwa nini tusianike?

Kioo_Safi

Mkuu, upepo wa kusi nakubaliana nao kabisa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kufungua lenzi, kupaka gundi na kupunga mikoba. Jua ndilo tatizo. Miale inayoua fangasi kwa nguvu ni ile mifupi, na miale hiyo kioo chenyewe inaizuia. Fangasi wa uso wa nje wanaweza kudhoofika, wa ndani wanabaki wakiwa na joto la kuwastawisha. Joto nalo linalainisha grisi ya fokasi, inatiririka kwenye bleidi za apacha, zinagandana.

Na lenzi ni kioo cha kuwashia moto. Ukiacha kamera ya shata ya kitambaa isiyo na kioo cha kuinuka ndani, kama zile za dirisha la pembeni, ikiangalia jua bila kifuniko cha lenzi, inatoboa kitambaa kwa sekunde chache. Tundu dogo la sindano, lakini kila picha itakuwa na nukta nyeupe.

Anika mkoba, kivulini, penye upepo. Lenzi isianikwe.

Mwana_Mikindani

Na mkoba unafufuliwaje? Wangu una mabaka meupe na kijani, ndani kuna kitambaa chekundu kama mahameli. Kuna aliyesema nifukize udi, mwingine niweke naftalini.

binti_Ndanda

Hapo kwenye ngozi naweza kusaidia, ni kazi ya mikono yangu.

Udi kwa nguo sawa, kwa kamera hapana. Moshi wake una mafuta, unatua kwenye kioo kama utando wa kahawia na unavuta vumbi. Naftalini inageuka mvuke kisha inaganda tena kama chembe kwenye vioo, na ngozi ikishanusa naftalini hainusi kingine miaka miwili. Moshi wa kuchoma korosho hali kadhalika, mafuta ya maganda yake yanaunguza hata ngozi ya mtu. Usiweke kabati la kamera jirani na jiko la korosho.

Vaa barakoa, toka nje, simama upepo ukitoka mgongoni kwako. Brashi laini, sugua mabaka yakauke yaanguke. Usianze na kitambaa kibichi, unayasukuma ndani ya vinyweleo. Kisha alkoholi ya 70% kwenye kitambaa cheupe (changanya ile ya 99% sehemu saba na maji yaliyosafishwa sehemu tatu), jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana rangi inaweza kutoka. Futa nje na ndani, acha kivulini siku mbili au tatu mkoba ukiwa wazi.

Kitambaa chekundu ndicho kinachonuka, pamoja na gundi chini yake. Ukiona gundi imegeuka unga au inanata, king'oe chote. Usikihurumie. Bandika kipya cha pamba nyembamba kwa gundi kidogo.

Harufu iliyobaki: mkoba ndani ya ndoo yenye mfuniko, pembeni bakuli la bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuweka kwenye keki, gramu 100, isiguse ngozi. Siku saba, badilisha, siku saba tena. Usichanganye na magadi, yale ni makali na yanakausha ngozi ikapasuka. Mkaa uliotengenezwa kwa ajili ya kuchujia maji unafanya kazi vizuri zaidi ya bikaboneti kama utaupata. Mkaa wa jikoni unasaidia kidogo lakini unachafua.

Mafuta ya nazi msipake, tafadhali. Yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu chumba kinapita hapo karibu mwaka mzima, kwa hiyo yanabaki maji, yanatambaa mpaka kwenye bodi, yanachacha, na fangasi wanapata karamu. Nta ya ngozi kidogo sana, kitambaa kikavu, basi. Na hata ukipona vizuri kiasi gani, mkoba ulale kivyake na kamera ilale kivyake.

Pwani_ya_Lindi

Nimekuelewa dada, na la jua nalikubali. Je, kabati lenye balbu? Silika kila wiki ni kazi.

FundiSaa_Masasi

Balbu inafaa, ila iwe ya waya unaowaka, wati 15 hadi 25. Za LED hazina joto la kutosha. Kinachofanyika ni hiki: hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa 80%, ukiipasha mpaka 33 bila kuongeza maji, unyevu unashuka mpaka 60% hivi. Balbu ikae chini, ndani ya kopo la bati lenye matundu, sentimita 30 kutoka kifaa cha karibu, na kabati liwe na tundu dogo chini na juu. Usizidishe joto kwa sababu ya grisi. Umeme ukikatika usiku kucha faida inaisha, kwa hiyo silika ndani ya kontena inabaki kuwa salama zaidi.

Vyovyote utakavyochagua, nunua haigromita (kipima unyevu wa hewa) na uihakikishe. Kofia ya chupa, chumvi ya mezani, matone ya maji mpaka iwe tope zito isiwe maji. Ifungie pamoja na haigromita kwenye mfuko usiopitisha hewa, saa 12. Lazima isome 75%. Ikisoma 81%, jua inaongeza 6, toa kila unaposoma. Lengo ni 40% hadi 50%. Ukishusha chini ya 30%, ngozi na mivukuto ya kamera za kukunja zinapasuka.

binti_Ndanda

Swali la mwisho kwangu. Kuna boksi la negativi limekaa pamoja na kamera, lina harufu kali ya siki, sio uvundo. Ni fangasi pia?

Kioo_Safi

Hapana dada, na hili ni la haraka kuliko fangasi. Filamu za asetati zikioza zinatoa asidi ya asetiki, ndiyo siki unayoisikia. Mvuke huo unaambukiza negativi nyingine kwenye boksi na unaozesha chuma cha kamera. Zitenge leo, toa kwenye plastiki zinazobana, weka kwenye bahasha za karatasi zisizo na asidi, mahali pakavu na pa baridi kadiri utakavyopata, na uziskani mapema. Kuoza hakurudi nyuma, kunapunguzwa mwendo tu. Zilizoanza kujikunja skani kwanza.

Mwana_Mikindani

Mchele nimeutoa. Zenit nimefungua mlango, sponji zinanata kama lami na zinanuka.

FundiSaa_Masasi

Hizo ondoa zote, ni nusu ya harufu yako. Lainisha kwa alkoholi dakika mbili, kwangua kwa kijiti cha meno, usitumie chuma. Ziba mdomo wa shata kwa karatasi kabla ya kuanza, kipande cha lami kikiingia kwenye kitambaa cha shata hakitoki. Mifereji ya mlango jaza uzi mweusi wa sufu, nyuzi moja au mbili kutegemea kina. Upande wa bawaba weka sponji mpya ya milimita 1.5 hadi 2, na juu pale kioo kinachoinuka ndani kinapogonga, milimita 2 hadi 3. Kisha ingia gizani, tochi ndani ya kamera, funga mlango, angalia pande zote kama mwanga unapenya.